Nguo za Mtu Aliye Hai

Clémence, mwanangu,

Salamu naziruka. Tuko nyumba moja, chai ya asubuhi tumekunywa pamoja, na sufuria uliyosongea bukari mchana bado imelowekwa kwenye maji. Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na kuaga kwenu nakujua, mtaimba kila wimbo mara tatu halafu mtaanza kulia. Kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo. Nimekaa jikoni kwa sababu huku ndiko kiti kilikobaki.

Mambo ya kuchemsha maji na kulala ndani ya chandarua sitayaandika. Umesomea uuguzi, unayajua kunishinda. Na kama kuna mengine hukuyashika kwa miaka ishirini na miwili niliyokupigia kelele, karatasi hii haitayaingiza.

Nataka kukuandikia juu ya chumba chako.

Wiki nzima nimekuona unatoa vitu. Jumatatu viatu, Jumanne kioo na ndoo, Jumatano vile vitabu vya shule. Jana Sifa amekuja na mdogo wake, wamebeba godoro lako kichwani wakicheka mpaka kwao. Kisha ukafagia, ukapiga deki, ukafungua dirisha, ukaja kwangu huku unajifuta mikono. Ukasema umemaliza kutoa: “Mama, naisha kutosha byote. Weye hautasumbuka.”

Nilikusifu. Nilisema vizuri, mwanangu, umefanya kazi. Halafu ulipokwenda kuoga nikaingia mle ndani, nikaita jina lako polepole, na sauti ikanirudia kutoka ukutani. Nikatoka mbio kama mtu aliyeona nyoka.

Wewe ulifikiri unanisaidia. Umekua ukiona kwamba katika nyumba hii mtu akiondoka, mama yake anatoa vitu vyake. Umeona ni afadhali utoe mwenyewe kabla sijatoa mimi. Hukusema hivyo, na sidhani ulitaka kuniumiza, lakini mimi nimesikia hivyo. Ndiyo sababu naandika. Kesho unapanda basi kwenda Kolwezi, unakwenda kulala kwa yaya yako, kaka yako mkubwa Trésor, mpaka upate chumba chako, na kwa miaka saba umekuwa ukiniuliza yaya alikasirikia nini. Kila mara nimekujibu kwamba hakukasirika, ni kazi tu imembana. Nilikudanganya. Ningependa uyasikie kutoka kwangu, kabla hujayasoma usoni mwake.

Nianze na baba yako, maana yote yalianza kwake.

Baba yako, Mungu ampumzishe, alikuwa mtu wa kuweka. Kazi ya atelier, kule karakana ya mgodi, iliposimama yeye hakuamini. Wenzake walikwenda kulima, wengine walikwenda kuchimba, yeye akaanza kukusanya. Helmeti, nyaya, vipimo visivyo na kioo, glavu za mkono mmoja, buti zisizo na kamba. Akasema: “Siku batatuita tena, minye nitakuwa tayari.” Vitu vikajaa chini ya vitanda, vikapanda juu ya kabati, vikateremka kwenye korido. Wewe ulijifunza kutembea kwa ubavu kama kaa kwa sababu ya korido ile. Ukumbuke mwaka ule nyoka alizaa ndani ya nyaya. Nilimlilia baba yako atoe hata kidogo. Aliua nyoka, akapanga nyaya upya.

Hawakumwita. Alikufa akingoja, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kuwa na hasira hata na maiti. Hilo nimelikiri kwa padri, sasa nalikiri kwako.

Matanga yalipokwisha ndugu zake walikuja, wakakaa uani, wakagawana nguo zake kama inavyotakiwa. Koti kwa mkubwa wao, viatu kwa yule mwenye mguu kama wake, mashati kwa wajomba. Hakuna aliyegombana. Kila mmoja alinusa alichopewa na kulia kidogo, basi. Nguo za marehemu hazibaki zikining'inia, kila mtu hapa anajua. Walipokwenda, vyuma vikabaki, na mimi nikaita watu wa mkokoteni. Safari tatu. Mkokoteni wa mwisho ulipotoka getini nilisimama katikati ya korido, nikanyoosha mikono, nikagusa kuta mbili kwa viganja. Sikuwa nimeugusa ukuta huo wa kushoto kwa miaka kumi. Nikalia, na sehemu ya kilio kile ilikuwa furaha.

Tangu siku ile nikaonja utamu wa kutoa. Usicheke. Kuna watu wa pombe, kuna watu wa kucheza karata, mama yako alikuwa mtu wa kutoa vitu. Nikiwa na huzuni, natafuta kabati la kufungua. Sahani zilizozidi, mapazia, viti vya mgeni. Nilimpa Mama Sifa kinu chetu asubuhi, jioni nikaenda kumwazima ili nitwange majani ya sombe. Mtaa wote ulinisifu. Kutoa ni moyo, walisema, na mimi nilivimba kichwa. Nyumba ikawa nyepesi, na kila mgeni alisema nyumba ya Mama Trésor ni safi kama kanisa.

Kisha Trésor akaondoka.

Unakumbuka siku ya matokeo ya examen d'État, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Mtaa mzima wa Panda ulipiga kelele. Walimmwagia poda kichwani, poda ilipokwisha wakachukua unga wangu wa mahindi, na mimi sikusema neno. Wenzake wakamwandika majina yao kwa kalamu ya bic mgongoni, kwenye lile shati jeupe la shule. Aliingia nyumbani mweupe kama mzimu, meno tu yanaonekana, akanibeba mimi mama yake akanizungusha. Jioni alivua shati lile, akalikunja na poda yake, akaliweka kwenye mfuko wa plastiki. Akaniambia: “Mama, ile chemise usiifule. Hata siku moya.” Nikamjibu nimesikia. Na kweli nilisikia, nataka ulijue hilo. Sitasema nilisahau.

Chuo hakikupatikana, akaenda Kolwezi kutafuta kazi. Alisema atarudi akipata uwezo aendelee na masomo. Aliacha madaftari yake yamefungwa kwa kamba, nguo zake, kitanda chake, na mfuko ule.

Wiki mbili nilivumilia. Nilikuwa napita mbele ya mlango wa chumba chake, harufu yake inanifuata mpaka uani. Nikipika nilipima unga wa watu watatu, nabaki na tonge la mtu mmoja mkononi. Ulikuwa shuleni mchana kutwa. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa redio, na umeme ukikatika hata redio inanyamaza. Koni, bwawa la umeme, haiko mbali, nyaya zake zinapita juu yetu, lakini umeme wenyewe tunausikia kwa watu. Siku moja sikuweza tena. Nilifungua mlango, nikakunja mikono ya nguo, nikaanza.

Nilijiambia ni usafi. Nilijiambia pia kwamba kijana amekwenda kuanza maisha yake, atanunua vingine, na kuna watu hawana hata cha kufunika mgongo. Yote hayo yalikuwa kweli, Clémence, ndiyo ubaya wake. Lakini sababu yenyewe ilikuwa moja tu. Pembe tupu iliniuma kidogo kuliko pembe yenye vitu vyake. Nilikuwa naukimbia upweke na ufagio mkononi.

Mama Sifa alinikuta natoa nguo kwenye kamba. Akasimama, akashika kiuno. Akaniuliza mbona nagawa nguo za mtu aliye hai: “Mama Trésor, mutoto eko muzima, unagabula bilamba byake?” Nikamjibu kwa kiburi, nikamwambia asiyekuwepo na lake halipo. Yeye akatikisa kichwa. Akasema: “Ile bantu banafanyaka kwa mufu.” Nikamwambia aache mambo ya zamani. Mimi, niliyewaona ndugu za baba yako wakifanya jambo lilelile mwaka uliotangulia, nikiwa nimefunga kitambaa cha matanga.

Madaftari nikampa yule mama wa karanga wa kwenye kona, afungie. Kitanda kikaenda parokiani. Na shati lile nikalifua. Nilifua mara mbili, kwa brashi. Poda ilitoka yote, lakini majina ya wino hayakutoka, yalififia tu. Nikampa mtu wa makala, yule muuza mkaa mwembamba aliyekuwa akisukuma baiskeli, maana shati lake lilikuwa limepasuka begani na kila akija nilimhurumia.

Trésor alirudi baada ya miezi mitatu. Hakutoa habari, alitaka kunishtua. Wewe ulikuwa shuleni. Alikuwa amekonda, amebeba gunia dogo la mchele na kitenge cha kunipa, na alikuwa anacheka kabla hajafika getini. Mkononi alikuwa na karanga alizonunua kwenye kona, ananiletea kwa sababu anajua nazipenda. Tukakaa uani. Akazimimina kwenye sahani, na ile karatasi ya kufungia akaikunjua ili aitupe, akaitazama. Ilikuwa na mwandiko wake. Mto Lufira, na ramani aliyoichora kwa rangi. Akacheka, akasema: “Eh Mama, géographie yangu inauza karanga!” Nami nikacheka sana kuliko yeye. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema kitu, na mimi niliitumia kucheka.

Akainuka kwenda kuweka begi chumbani. Nikasikia hatua zake zikizunguka chumba kitupu. Kabla hajatoka, mtu wa makala akafika getini akiita makala, makala. Trésor akatoka kumfungulia, kama alivyozoea. Yule mtu akageuka kushusha gunia, na mgongoni mwake, kwenye shati lile, sasa jeusi kwa vumbi la makala, majina yote ya darasa la Trésor yalikuwa pale, unaweza kuyasoma.

Mwanangu hakupiga kelele. Alilipokea gunia, akaliweka jikoni, akamshukuru mtu yule. Hata maji ya kunywa alimpa. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniangalia. Akaniuliza taratibu: “Mama, minye nilikufa siku gani?”

Nikamjibu: “Trésor, leka. Ile yote ni bintu tu. Bintu binapatikana.”

Basi. Hilo ndilo jibu nililompa. Angeniuliza mtu mwingine, ningesema pole. Angekuwa Mama Sifa nimevunja kikombe chake, ningeomba msamaha mpaka nichoke. Kwa mtoto wangu nikaona kuomba radhi ni kujishusha, nikasimama nikaenda kusonga bukari.

Jioni ulimkuta, mkacheka, ulitaka kumpa kitanda chako akakataa. Alilala kwenye mkeka sebuleni, na asubuhi akaondoka na basi la kwanza. Mengine unayajua. Anakupigia wewe kila Jumapili. Unaniletea simu, anasema “Mama, jambo,” nasema “Jambo, uko muzuri?”, anasema “Muzuri,” nasema haya. Maneno hayo ndiyo tuliyobaki nayo kwa miaka saba, mtu na mama yake. Na kila siku ya Mungu mtaa mzima unaniita Mama Trésor. Nikienda kwa maji, Mama Trésor. Nikitoka misa, Mama Trésor, mtoto anasemaje? Nasema mzima. Narudi nyumbani nakaa na ule usafi wangu.

Mara ya kwanza ulipokwenda kumtembelea ulirudi unacheka, ukanisimulia jinsi asivyotupa kitu: “Mama, kwa yaya hatupake kintu. Hata chupa ya bule anachunga.” Ulisema makopo yamefika dirishani, na mke wake analalamika. Wewe ulicheka, mimi nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimemwona baba yako upya, na safari hii najua nani aliyemfunza.

Usije ukaelewa kwamba nakuambia uweke kila kitu. Hapana. Baba yako aliweka, nikajikunja kwa ubavu miaka kumi. Mimi nilitoa, nikampoteza mtoto. Nimekaa nikifikiri tofauti iko wapi, na sina hekima kubwa ya kukupa. Nimeona tu kwamba kitu changu nikikitoa, mkono unakuwa mwepesi. Cha mwenzangu nikikitoa, hata kwa maskini, hata kwa jina la Mungu, mkono unabaki na kitu ambacho huwezi kukiweka chini. Na nimeona kwamba ukitoa huku unakimbia, unachokikimbia kinakungoja kwenye chumba kitupu. Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Wangu amekuja na mizigo yake na hataki kuondoka.

Sasa nikueleze ujinga nilioufanya leo, ili usiusikie kwa Sifa.

Saa tisa nilikwenda kwao kudai godoro lako. Mimi! Nilivaa kitenge kizuri kabisa, nikajipanga njiani kama mtu anayekwenda kwa mkubwa wa mji. Mama Sifa alinikaribisha, akanipa kiti. Nikamwambia kwamba, samahani, lile godoro, Clémence alikosea, mimi nalihitaji. Akacheka mpaka akapiga makofi. Akasema haamini kuwa mimi nadai kitu kirudishwe: “Mama Trésor, weye njo unakamataka kintu nyuma? Weye?” Kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba nataka kitu chako kibaki mle ndani, ukirudi ukikute. Nilimwambia sitaki uje usimame mlangoni kama Trésor. Nilisema maneno mengi, Clémence, na sauti haikunisaidia.

Mama Sifa akaniongoza mpaka chumba cha nyuma, akasukuma pazia. Bibi yao mzee alikuwa amelala juu ya godoro lako, usingizi mzito, mdomo wazi. Mama Sifa akaninong'oneza: “Tangu mwaka analalaka chini. Leo njo analala muzuri. Unataka nimulamushe?”

Nikasema hapana. Nikarudi mikono mitupu. Na njiani nikaona kwamba hata angenipa, ningekuwa nimefanya lilelile kwa upande wa pili. Ningeliweka godoro mle ndani, ningelitandika, ningelitazama kila siku na kujiambia kwamba Clémence yupo. Siku hizi zote nimekuwa nashughulika na vitu. Trésor hakuniuliza juu ya vitu. Shati aliliona, akampa maji mtu aliyelivaa. Aliniuliza juu yake mwenyewe.

Umeniambia mara ngapi twende Kolwezi pamoja? Kila mwaka. Na kila mwaka nimesema njia mbaya, mgongo unauma, nani atalinda nyumba. Nyumba haina hata kijiko cha kuibiwa! Mwizi akiingia hapa atatuachia kitu kwa huruma. Nilikuwa naogopa mlango wa mtoto wangu, hiyo ndiyo kweli.

Kwa hiyo sikupi ujumbe wa kumpelekea. Barua hii usimsomee. Usimwombee ruhusa, usimlainishe, usimwambie Mama amezeeka, Mama analia, sitaki anihurumie kabla hajanisikia. Wewe fika, salimia, saidia mke wake kazi za nyumba, anza kazi yako. Chumba chako hapa kibaki kitupu kama ulivyokiacha. Ni kazi yako nzuri, na siwezi kukijaza kwa kitambaa wala kiti. Nitakuwa mpweke, nakuambia wazi. Kesho jioni nitapima unga vibaya tena. Lakini safari hii nitakaa na upweke wangu, sitafungua kabati.

Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda basi la asubuhi. Nimekwisha kumwambia Mama Sifa anilishie kuku. Nitafika kwa Trésor, nitabisha, na akifungua nitamwambia pale pale mlangoni, nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti: ulikuwa hai, mwanangu, na mimi nilijua, na nilifanya hivyo ili nisiumie kwa kukukosa. Nisamehe. Sina la kuongeza baada ya hapo. Akinikaribisha nitaingia. Akisema bado, nitarudi na basi la mchana, na Jumamosi nyingine nitapanda tena.

Nimezoea kutoa. Kuomba sijui, nitajifunzia mbele yake.

Nasikia mmeanza kuimba kwa mara ya tatu. Tangulia, Clémence. Mimi nakuja.

Mama yenu